Hisia Yako Ilisomea Wapi?

Mama anayeuza parachichi katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, hakai kufikiri. Mteja akisema anataka la kula kesho kutwa, mkono wake unapita juu ya rundo, unabonyeza kidogo karibu na kikonyo, unaruka matatu, unashika la nne. Ukimuuliza amejuaje, atakujibu, "Mwanangu, nimelishika tu." Na kesho kutwa ukilikata, limeiva sawasawa.

Mama huyohuyo, jioni ileile, anaweza kununua magunia kumi ya viazi kwa sababu moyo umemwambia bei itapanda, na wiki mbili baadaye akayauza kwa hasara.

Mtu ni mmoja na kichwa ni kimoja. Kwa nini hisia yake kuhusu parachichi inaaminika, na ile ya bei ya viazi inamtupa? Naona swali hili lina faida kuliko lile tulilozoea, la kama mtu afuate moyo au afuate akili. Lile la moyo na akili halina jibu, kwa sababu kila upande una hadithi zake za ushindi. Hili linajibika, ila inabidi tuanzie chini kabisa, pale hisia inapotengenezwa.

Ubongo hukisia. Ndiyo kazi yake ya kila dakika. Kabla mguu haujakanyaga ngazi, ubongo umeshakisia ngazi iko wapi. Ndiyo maana gizani, ngazi ikiwa moja pungufu ya ulivyodhani, mwili mzima unashtuka. Mshtuko huo unatokana na kosa la makisio, yaani tofauti kati ya ulichotarajia na kilichotokea.

Kosa hilo ndilo ubongo unalolitumia kujifunza. Mwaka 1972 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Rescorla na Allan Wagner, waliiandika kanuni yake kwa hesabu. Kwa maneno ya kawaida ni hivi: makisio mapya ni makisio ya zamani, ukiongeza sehemu ya kosa.

Tuipeleke sokoni. Kijana ameanza kazi kwa mnunuzi wa nafaka. Anaona gunia limeshindiliwa na kushonwa kwa namna fulani, anakisia kilo 90. Linapandishwa kwenye mizani, inasoma 110. Amekosea kwa kilo 20. Tuseme kichwa chake hurekebisha nusu ya kosa kila mara. Gunia la namna hiyo likija tena atasema 100. Mizani itasoma 110 tena. Kosa sasa ni 10, nusu yake ni 5, kwa hiyo la tatu atasema 105. La nne atasema 107.5. La tano, karibu 109. Jicho limekaribia mizani, na mwenyewe hawezi kukueleza limefikaje hapo.

Sasa ondoa mizani. Kijana mwingine anakisia 90, gunia linapakiwa kwenye fuso na kuondoka. Kosa lipo lakini hakuna aliyemwonyesha, na kwenye kanuni yetu kosa lisiloonekana halirekebishi kitu. Kesho atakisia 90, mwakani 90. Baada ya miaka 20 atasimama mbele ya watu na kusema yeye ni mzoefu, na ataamini anachosema, kwa sababu kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuona amekosea hata mara moja. Nataka msomaji akae na mfano huu kidogo, maana mengi yanayofuata yanatoka humo. Kukaa kwenye kazi muda mrefu hakutoshi kuifundisha hisia. Inafundishwa na majibu.

Kanuni hiyo ilipoandikwa ilikuwa hesabu ya tabia tu. Hakuna aliyejua kama ndani ya kichwa kuna kitu kinachofanya kazi hiyo. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz na wenzake nchini Uswisi walikuwa wanapima chembe za neva za kima zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Kima alionyeshwa ishara, kisha akapewa tone la maji ya matunda. Mwanzoni chembe zile zilichangamka tone lilipofika. Kima alipozoea, uchangamfu ukahama: ukawa unatokea kwenye ishara, na tone lenyewe halikuzishtua tena, kwa kuwa lilikuwa limetarajiwa. Na siku tone liliponyimwa, chembe zilitulia chini ya kiwango chao cha kawaida, palepale kwenye sekunde ambayo tone lilipaswa kufika. Yaani zilikuwa zinahesabu tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walichapisha maelezo ya kuunganisha chembe hizo na hesabu ya kujifunza.

Kwa hiyo machale yanapokucheza, mara nyingi kilichotokea ni kwamba ubongo umetambua mpangilio uliokutana nao zamani, ukatoa makisio bila kukuonyesha hesabu. Hakuna uchawi hapo. Ni mwanafunzi aliyesoma bila daftari, na kinachotupasa kujua ni nani alikuwa mwalimu wake.

Watu wawili waliopingana kwa muda mrefu walifika karibu na swali hilo. Daniel Kahneman, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi hisia zinavyotukosesha. Gary Klein alichunguza makamanda wa zimamoto na wauguzi, akaona watu wanaookoa maisha kwa hisia za papo hapo. Wakakaa pamoja kwa miaka wakitafuta mahali wanapotofautiana hasa, na mwaka 2009 wakaandika makala ya pamoja iliyokubali masharti mawili. Hisia ya mtu inastahili kuaminiwa ikiwa mambo anayoyashughulikia yana utaratibu unaojirudia, na ikiwa yeye amepata nafasi ya kutosha ya kuujifunza kwa kuona matokeo. Sharti moja likikosekana, ujasiri wa msemaji hautuambii chochote kuhusu ukweli wa anachosema.

Mpime mama wa parachichi. Tunda lina utaratibu: ulaini wa ngozi huenda na ulaini wa ndani. Jibu linakuja haraka. Likikatwa, ukweli uko wazi, na mteja aliyepewa bovu atarudi kulalamika. Hilo limemtokea mara maelfu. Hisia yake imesoma shule nzuri.

Hata hivyo kuna mahali mkono wake unaishia. Parachichi la aina ya Hass, linalolimwa sana Rungwe na Njombe, likichumwa changa huwa gumu sawa na lililokomaa. Tofauti inaonekana baadaye, changa linaposinyaa na kuwa kama mpira badala ya kuiva. Mkono haupati dalili siku ya kuchuma. Wanunuzi wa matunda ya kusafirisha nje hutumia mizani na tanuri: unakata kipande cha gramu 10, unakikausha mpaka maji yote yaishe, unapima kilichobaki. Kikibaki gramu 2.1, tunda lina asilimia 21 ya vitu vikavu. California, ambako Hass ilianzia, kiwango cha chini kwa aina hiyo ni asilimia 20.8. Tunda linavyokomaa mafuta huongezeka na maji hupungua, kwa hiyo kipande kikavu kinasema jambo ambalo kidole hakikuwahi kupewa nafasi ya kulijifunza.

Tuliache tunda, tuje kwa watu, maana huko ndiko hisia zinakoaminiwa kupita kiasi.

Mfanyabiashara wa mitumba anatoa mali kauli. Mchuuzi anakuja, anaomba nguo za kwenda kutembeza, atalipa jioni. Hakuna mkataba wala dhamana. Mwenye mali anamtazama usoni na kuamua. Wengi watakuambia wana jicho la kumjua tapeli. Hebu tulijaribu jicho hilo kwa hesabu ya kubuni, tena tulipe sifa kubwa.

Tuseme kati ya watu 100 wanaoomba, 10 hawatalipa. Jicho la tajiri wetu ni kali: katika wale 10, linawashuku 8. Kwa waaminifu 90 nalo hukosea kidogo, linashuku mmoja katika kila watano, yaani 18. Hesabu wote walioshukiwa: 8 na 18, jumla 26. Kati ya hao 26, tapeli wa kweli ni 8 tu. Moyo unapomwambia "huyu atanikimbia", mara 18 kati ya 26 anayefukuzwa ni mtu ambaye angelipa. Jicho halikuwa bovu. Waaminifu ni wengi kuliko matapeli, na hata sehemu ndogo ya kundi kubwa ni watu wengi. Hisia inaona uso ulio mbele yake, haioni ukubwa wa makundi yaliyo nyuma ya uso huo.

Sasa angalia shida ya pili, ambayo mimi naiona mbaya zaidi. Wale 26 aliowanyima, tajiri hatajua kamwe wangefanya nini. Hao 18 wataondoka kimya, watakopa kwingine, watalipa huko. Kosa lipo ila halirudi dukani kwake. Wawili waliompita wakatoroka, hao atawakumbuka kwa majina mwaka mzima. Basi mwanafunzi wetu anaadhibiwa kwa kumwamini mtu vibaya, na haadhibiwi kabisa kwa kumshuku mtu vibaya. Mwaka hadi mwaka atazidi kushuku, na kila anayemnyima atamwona ni ushahidi kwamba ameepuka hasara. Vijana wangapi wamekosa mtaji wa kwanza namna hii, kwa sababu ya lafudhi yao, au kovu usoni, au viatu walivyovaa?

Gunia nalo lina somo lake. Mkulima anauza viazi kwa gunia, mnunuzi anakuja na lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba juu. Jicho la mkulima linasoma, tuseme, "gunia moja, shilingi 70,000". Akili ikigawanya, gunia la kilo 100 kwa bei hiyo ni shilingi 700 kwa kilo. Lumbesa ya kilo 130 ni shilingi 538. Kuliinua gunia kwa mkono hakumsaidii sana. Mwaka 1891 daktari Mfaransa Augustin Charpentier alionyesha kwamba vitu viwili vyenye uzito sawa vikiwa na ukubwa tofauti, kile kikubwa tunakihisi kuwa chepesi, na hisia hiyo haiondoki hata baada ya kuambiwa ukweli. Sheria ya vipimo ya Tanzania inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na mizani ndiyo inayoweza kulisema hilo bila kuyumba.

Turudi kwa viazi vya yule mama, maana bado hatujaeleza kwa nini moyo ulimdanganya.

Kiazi hukaa shambani miezi 3 hadi 4. Anayeamua kulima leo anaamua kwa bei anayoiona leo, lakini atauza kwa bei ya siku ya kuvuna. Chukua tena namba za kubuni. Msimu huu vijiji vya milima ya Uporoto vimeleta mzigo mdogo, gunia limefika 80,000. Kila mkulima anahisi jambo lilelile: viazi vinalipa. Wote wanaongeza shamba. Mahali palipotoka magunia 100 sasa yanatoka 140, na bei inashuka hadi 45,000. Moyo wa kila mmoja unasema viazi ni hasara, wengi wanahamia kwenye mahindi, msimu unaofuata yanakuja magunia 70, bei inaruka hadi 90,000. Aliyebaki na viazi anaonekana ana bahati. Wachumi wameuchunguza mzunguko huu tangu miaka ya 1920, hasa kwa nguruwe na viazi huko Ulaya na Marekani.

Ona jinsi hisia ilivyofundishwa vibaya. Ilijifunza kwamba bei ikiwa juu, lima. Lakini bei iliyo juu ndiyo inayowaita wote shambani, na wote wakienda bei inashuka. Jibu linakuja mara mbili tu kwa mwaka, au mara tatu, tena likiwa limechanganyika na mvua, ugonjwa wa ukungu, barabara na uamuzi wa Serikali. Mwaka 2017 mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje ya nchi, bei kwa mkulima ilianguka, na hakuna dalili yoyote shambani ambayo ingemwambia. Katika mazingira kama hayo mtu anaweza kulima miaka 30 bila hisia yake kuhusu bei kukomaa, hata kama hisia yake kuhusu udongo ni ya ajabu. Hisia ya yule mama kuhusu bei ilisomea shule hiyohiyo.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba kichwa cha mmoja hukosea, ila vichwa vingi vikikaa pamoja hupatia. Ni kweli wakati mwingine. Mwaka 1906 kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe dume akishachinjwa. Francis Galton akachambua tiketi 787. Kisio la katikati lilikuwa karibu kilo 547. Uzito wa kweli ulikuwa kilo 543. Waliozidisha na waliopunguza walifutana. Lakini walifutana kwa sababu kila mmoja alikosea kivyake. Wakulima wote wakitazama bei moja ya leo, wote wanakosea upande mmoja, na wingi wao unazidisha kosa badala ya kulipunguza. Kwa hiyo kabla ya kusema "wote wanalima, na mimi nalima", jiulize wote wametazama nini. Maswali ya maana hapo ni ya hesabu: mbegu kiasi gani imeuzwa msimu huu, mashamba mangapi yamelimwa jirani, mzigo wa Njombe utafika lini.

Kuna sehemu moja ambapo sitaki mtu afuate moyo hata kidogo. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006. Soko la SIDO, hapo hapo jirani, liliteketea 2011, likateketea tena 2017. Watu waliokuwa wafanyabiashara wakabaki hawana kitu. Ukimuuliza mwenye kibanda leo kama anaogopa moto, hisia yake itajibu kwa yale iliyofundishwa: amefunga usiku kwa usiku, akakuta kila kitu salama asubuhi. Tuseme uwezekano wa moto kwenye soko fulani ni 1 kwa 10 kila mwaka. Uwezekano wa kupita mwaka mmoja salama ni 0.9. Wa kupita miaka 10 salama ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara 10, karibu 0.35. Kwa hiyo mwenye kibanda wa miaka 10 ana uwezekano wa asilimia 65 wa kuuona moto angalau mara moja. Katika usiku 3,650 hisia yake inaweza kusikia "salama" mara 3,649, na jibu moja lililobaki ndilo linalobeba mtaji wote. Nyaya za umeme, jiko la mkaa linaloachwa bila kuzimwa, bima ya moto: haya yaamuliwe kwa kalamu.

Baada ya kusema yote haya, mtu anaweza kudhani nataka tuzime hisia tubaki na kikokotoo. Tunajua inavyokuwa zikizimika. Antonio Damasio, daktari wa neva, alieleza habari za mgonjwa aliyempa jina la Elliot, aliyeondolewa uvimbe kwenye sehemu ya mbele ya ubongo. Akili yake ya vipimo ilibaki nzuri: kumbukumbu, lugha, hesabu. Kilichopotea ni hisia. Mgonjwa mwingine wa Damasio, aliyeumia sehemu hiyohiyo ya ubongo, alitumia karibu nusu saa akilinganisha siku mbili za miadi, akitoa hoja nzuri kila upande, bila kuamua. Maisha ya Elliot ya kazi na ya ndoa yalibomoka. Hesabu inaweza kukuambia lumbesa inakugharimu shilingi 162 kwa kilo. Haiwezi kukuambia kwa nini ujali.

Basi viwili hivi vikutanishwe vipi? Nadhani mpangilio ndio unaoamua. Mwaka 1955 Kahneman, akiwa kijana jeshini Israeli, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Wasaili walikuwa wanazungumza na kijana kisha wanatoa hukumu ya jumla, na hukumu hizo hazikuwa na maana. Akawapa mambo sita ya kupima, kama uwajibikaji na kupenda kushirikiana na watu, kila moja liulizwe na kupewa alama peke yake. Wasaili walichukia, walisema anawageuza mashine. Akawakubalia jambo moja: mkimaliza alama zote sita, fumbeni macho, mtazameni kijana akilini, mtoe alama ya moyo. Alama sita zilisaidia sana. Na kilichomshangaza ni kwamba alama ya moyo ya mwishoni ilisaidia sawa na jumla ya zile sita. Hisia ileile iliyokuwa haifai ikitangulia, ilifaa ilipokuja baada ya ukweli kupangwa mezani.

Tajiri wa mitumba anaweza kufanya hivyo kesho. Kabla ya kumwangalia mchuuzi machoni na kuamua, ajibu mambo manne kwenye daftari, kila moja kwa alama yake: ana mahali pa kudumu pa kuuzia, amewahi kukopa kwa jirani na akalipa, ana mdhamini, kiasi anachoomba kinalingana na anachoweza kuuza kwa siku. Kisha asikilize moyo, auandike nao, kabla ya kujua matokeo. Kalamu ni lazima, kwa sababu kumbukumbu hujipendelea. Jambo likishatokea, kila mtu huamini alilijua tangu mwanzo.

Na kwa wale ambao moyo umewakataa ingawa alama zao ni nzuri, atenge wachache awape mzigo mdogo. Watu watano, nguo za 20,000 kila mmoja. Wakitoroka wote, amepoteza 100,000. Wakirudi wanne, amepata wateja wanne ambao jicho lake lingewafukuza, na jicho lenyewe limepata, kwa mara ya kwanza, jibu kuhusu watu liliokuwa likiwakataa.